Majira ya Joto Bonde la Kiso: Njia, Chakula na Gharama

Ukiwa Japani mwezi Julai au Agosti, miji mikubwa itakuchosha kwa joto. Nagoya hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na unyevu wa hewa ni kama wa Dar es Salaam mwezi Februari. Panda treni kuelekea milimani. Bonde la Kiso, lililo mpakani mwa mikoa ya Gifu na Nagano, lina usiku wa baridi kidogo, mito ya maji safi na njia ya kale ambayo mtu yeyote mwenye afya anaweza kuitembea.

Njia hiyo inaitwa Nakasendo. Zamani iliunganisha Kyoto na Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo, ikiwa na vituo 69 vya kupumzikia wasafiri. Kipande kinachopendwa zaidi ni kati ya vijiji viwili vilivyokuwa vituo, Magome na Tsumago. Ni kilomita 8 hivi, mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu. Anzia Magome, kwa sababu Magome iko juu zaidi: ukishavuka kilele cha njia, sehemu kubwa iliyobaki ni mteremko.

Viza je? Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanaihitaji, na maombi hupelekwa ubalozi wa Japani ulioko Dar es Salaam au Nairobi. Utatakiwa kuonyesha ratiba ya safari, hivyo panga malazi mapema. Mvua za msimu huanza Juni na kuisha katikati ya Julai au baadaye kidogo. Epuka katikati ya Agosti, wakati wa Obon, siku ambazo Wajapani hurudi makwao kuwakumbuka marehemu wao. Treni hujaa na vyumba hupanda bei. Mimi ningechagua wiki ya mwisho ya Julai.

Kutoka Nagoya, treni ya kawaida hadi Nakatsugawa ni takriban yen 1,350, na hutumia saa moja na robo hivi. Ya haraka hupunguza muda, lakini ni ghali zaidi. Nje ya stesheni kuna basi la Magome, karibu nusu saa, chini ya yen 1,000. Kwa makadirio, dola moja ya Marekani imekuwa ikibadilishwa kwa yen 150 hivi. Beba noti na sarafu, maana maduka madogo ya huko mengi hayapokei kadi. Mashine za posta na za maduka ya 7-Eleven hutoa fedha kwa kadi za nje, basi chukua za kutosha kabla ya kupanda basi.

Na begi kubwa? Ofisi ya wageni ya Magome hupokea mizigo asubuhi na kuipeleka Tsumago kwa takriban yen 1,000 kwa begi. Usifike saa sita mchana, utakuwa umechelewa. Wewe baki na maji, koti la mvua na raba nzuri. Njiani utakuta kengele zilizotundikwa kwenye nguzo. Zigonge kwa nguvu. Misituni kuna dubu, na sauti huwafanya waondoke kabla hamjakutana. Karibu na katikati ya njia kuna nyumba ya kale ambamo wenyeji huwakaribisha wapita njia kwa chai ya bure. Kuna kisanduku cha mchango, tia chochote.

Sasa chakula. Kwanza jaribu gohei mochi: wali uliopondwa nusu, ukafinyangwa vitonge, ukachomekwa kwenye kijiti na kupakwa mchuzi mzito wa soya, jozi na ufuta, kisha ukaokwa mpaka kingo zianze kuungua. Kula ungali moto. Soba ni tambi nyembamba za nafaka inayostahimili mashamba ya baridi ya milimani. Wakati wa joto huletwa baridi juu ya kitanga cha mianzi, nawe unachovya kidogo kidogo kwenye mchuzi. Ipo pia iwana, samaki wa mitoni anayepakwa chumvi na kuchomwa mzima.

Kama unakula halali, uliza kuhusu mchuzi, hata wa soba au samaki, kwani mara nyingi hutiwa mvinyo wa mchele. Baadhi ya watu huathirika vibaya na nafaka ya soba. Mwenye mzio asiiguse.

Nakushauri ulale huko usiku mmoja. Nyumba za wageni za familia, minshuku, hutoza takriban yen 10,000 hadi 15,000 kwa mtu, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Waeleze usichokula unapoweka nafasi, si unapofika. Chakula cha jioni huandaliwa kama saa kumi na mbili, kwa hiyo fika saa kumi na moja au mapema. Vua viatu mlangoni, na uoge kabisa kabla ya kuingia kwenye beseni la maji moto, kwa kuwa maji hayo ni ya wageni wote.

Kurudi, panda basi la Tsumago hadi stesheni ya Nagiso, dakika kumi hivi. Mabasi ni machache, kwa hiyo piga picha ratiba mara tu unapofika. Likikupita, stesheni iko kama saa moja kwa miguu.