Mafunzo Niliyopata Katika Misitu ya Hadithi za Kutisha

Nimependa hadithi na filamu za kutisha tangu ujana, na leo naziandika. Hakuna mandhari iliyonifunza kazi hii kama msitu, hasa ule wa Marekani.

1. Msitu ulirithi nafasi ya kasri.
Riwaya za kigothi zilianzia Uingereza mwaka 1764, Horace Walpole alipotunga The Castle of Otranto, yenye kasri kongwe na njia za chini kwa chini. Marekani haikuwa na makasri ya namna hiyo. Charles Brockden Brown akayaacha kwa makusudi, na katika Edgar Huntly (1799) akampeleka mhusika wake nyikani na mapangoni. Mwandishi haazimi jumba la watu. Anatafuta mahali ambapo wasomaji wake wanapaogopa tayari.

2. Msituni hakuna jirani wa kukuchunga.
Katika hadithi ya Nathaniel Hawthorne, “Young Goodman Brown” (1835), kijana wa Salem anamuaga mkewe jioni na kuingia msituni. Huko anawakuta shemasi na mchungaji wake wakielekea kwenye mkutano wa shetani. Iwe aliota au la, anaporudi hamwamini mtu tena hadi kufa. Uovu unaotisha kuliko wote ni wa watu tunaosalimiana nao kila asubuhi.

3. Kupotea kunatosha.
Katika The Blair Witch Project (1999), mchawi haonekani hata mara moja. Vijana watatu wanatembea kutwa nzima kuelekea kusini kwa dira, halafu wanajikuta mbele ya gogo lile lile walilovukia kijito. Hapo hakuna damu wala kelele za zimwi, lakini nguvu zinawaishia. Dira ikishakosa maana, mtazamaji naye hana pa kushika.

4. Mpe msitu macho.
Alipotengeneza The Evil Dead (1981), Sam Raimi alifunga kamera kwenye ubao, watu wawili wakaushika huku na huku na kukimbia nao karibu na ardhi. Pepo wa msituni hatumwoni, sisi ndio tunaotazama kwa macho yake.

5. Msitu huanika yaliyomo nyumbani.
The Witch ya Robert Eggers (2015) inahusu familia ya karne ya 17 iliyofukuzwa kijijini. Thomasin anamchezesha mdogo wake mchanga: anajifunika uso, anaufunua, mtoto anacheka. Anapoufunua tena, mtoto hayupo. Kuanzia hapo wazazi na watoto wanatuhumiana mpaka nyumba inasambaratika. Mchawi yupo kweli, ila shaka ndiyo inayowamaliza.

6. Chukua ufundi, acha chuki.
Charles Brockden Brown aliwageuza wenyeji wa Marekani kuwa sehemu ya vitisho vya nyika, ilhali ile ilikuwa ardhi yao. Kwetu pwani ya Kenya, kaya za Wamijikenda, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, ni misitu inayoogopwa kwa sababu inaheshimiwa. Hofu ya namna hiyo haimdhalilishi mtu.

Mwandishi mwenzangu, kabla hujaongeza jini mwingine kwenye mswada wako, mnyang'anye mhusika njia ya kurudi na mtu wa kumwamini. Ukifanikiwa hapo, jini huenda usimhitaji kabisa.