Gunia Likitoka Gulwe
Kijitabu kwa wakulima, vyama vya ushirika na wasafirishaji wa mazao, Wilaya ya Mpwapwa

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo ikifika Juni kila kaya ya Gulwe inavuna siku zile zile anazovuna jirani, inadaiwa ada na madeni ya dukani siku zile zile, na mnunuzi anayezunguka na pikipiki yake analijua hilo kuliko mtu yeyote. Bei ya ufuta au karanga huanza kushuka hapo, hata kabla hajafungua gunia kutazama zao lenyewe.

Kijitabu hiki kinalifuata gunia kutoka uwanja wa kupuria hadi bandari ya Dar es Salaam. Njiani fedha hudondoka mahali pengi, na pengine mkulima hana la kufanya. Lakini ile anayoweza kuiokoa mwenyewe, nyingi iko huku huku kwetu, kabla mzigo haujavuka Kilosa.

Mzani kwanza

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Bado lumbesa inashonwa, kilemba juu ya gunia, mchana kweupe. Tuseme mmekubaliana shilingi 80,000 kwa gunia la mahindi. Likiwa na kilo 100, umeuza kilo moja kwa shilingi 800. Likishindiliwa hadi kilo 130, umeuza kwa shilingi 615 na ushee. Kwa magunia kumi umetoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu yamepakiwa kwenye Fuso bila kulipiwa hata senti.

Debe nalo halina nafuu, maana debe lililobonyezwa kitako kwenda nje hubeba zaidi ya debe jipya. Uzeni kwa kilo, kwenye mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Mzani wa kijiji unagharimu kidogo kuliko lumbesa za msimu mmoja, na inashangaza ni vijiji vingapi vina jengo la ofisi lenye bati jipya lakini havina mzani.

Jambo moja la ushuru ambalo wengi hawaambiwi kwenye kizuizi cha barabarani: mabadiliko ya mwaka wa fedha 2017/18 yaliushusha ushuru wa mazao hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na yakaondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Dai risiti kila unapolipa.

Unyevu na sumukuvu

Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua ini ghafla, wakafa takriban 20. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi yaliyokuwa yakiliwa nyumbani. Hayakuwa mahindi ya kupeleka nje. Yalikuwa ugali wa familia. Ndiyo maana hatupendi kusikia suala hili likielezwa kama masharti ya Wazungu.

Sumukuvu hutolewa na kuvu wanaoanza shambani, hasa ukame unapoubana mmea, kisha wakastawi ghalani penye unyevu. Kukaanga hakuiondoi, kupika hakuiondoi, na punje yenye sumu yaweza kuonekana safi. Kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa kila bilioni. Kwa karanga za kuliwa moja kwa moja Ulaya hukomea kwenye 4. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, malori yakakwama mipakani, na aliyekausha vizuri akakwama pamoja na asiyekausha.

Anikeni juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Mahindi yasiingie ghalani kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5, afisa ugani mwenye kipima unyevu atawasaidia. Karanga msizinyunyizie maji ili zibanguke kwa urahisi. Desturi hiyo inaokoa vidole na kuharibu zao zima. Zilizokunjamana, zenye ukungu na zilizovunjika zitengwe, wala zisisagwe kuwa siagi ya watoto.

Mnunuzi aliye mbali

Ufuta wetu unakwenda zaidi China na Japani, mbaazi zinakwenda India. Mnunuzi mmoja mkubwa akifunga mlango, kijiji kizima kinasikia. Agosti 2017 India iliweka kikomo kwa mbaazi inazoagiza kutoka nje kwa sababu wakulima wake walikuwa wamevuna kupita kiasi. Zao lililokuwa likiuzwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo likaporomoka hadi mia chache, na wako walioziacha zikakauka shambani. Kikomo kiliondolewa Mei 2021. Hakuna kiongozi wa kijiji ambaye angeweza kulizuia hilo. Kilichowezekana, na kinachowezekana leo, ni kutoweka shamba lote kwenye zao lenye mnunuzi mmoja, na kuacha ekari ya mtama au uwele kwa ajili ya chungu cha nyumbani.

Ghala na stakabadhi

Mfumo wa stakabadhi ghalani una sheria yake tangu mwaka 2005, ukaanza kazi kwa korosho kule Mtwara msimu wa 2007/08, kisha ukaongezewa ufuta, mbaazi na dengu. Unapeleka zao kwenye chama cha ushirika (AMCOS), linapimwa uzito, unyevu na uchafu, unapewa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu na kuuzwa kwa mnada. Fedha inakuja benki au kwenye simu baada ya makato.

Tuseme wazi: mnada huleta bei ambayo mnunuzi wa pikipiki hawezi kuitoa, kwa sababu wanunuzi kadhaa wanashindania rundo moja. Lakini mama mwenye mgonjwa wodini leo hawezi kungoja malipo ya wiki ijayo, na kumwita mtoroshaji wa mazao hakumletei dawa. Chama chenye mfuko mdogo wa kuwakopesha wanachama kwa dhamana ya stakabadhi kitapata mzigo. Kisicho nao kitabaki kulalamikia walanguzi.

Mto na reli

Gulwe imekuwa kituo tangu Reli ya Kati ilipopita kuelekea Dodoma, mnamo 1910. Shida ni kwamba reli na mto Kinyasungwe vinagombea bonde moja. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga Kongwa, mafuriko ya mto huo yaling'oa reli huku mitambo ikihitajika shambani. Baadaye tawi lilijengwa kutoka Msagali kwenda Kongwa. Mradi ulifungwa 1951 ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Lawama nyingi huangukia ukame na udongo mgumu, na ni haki, ila reli iliyosombwa na maji ilikuwa onyo la mapema ambalo halikusomwa. Desemba 2009 mto ulirudi tena: njia kati ya Kilosa na Gulwe iliharibika vibaya, na kwa miezi abiria wa Kigoma na Mwanza walipanda mabasi hadi Dodoma ndipo wapate treni.

Mchanga unaoziba madaraja unatoka vilimani kwetu. Ili kuuzuia, Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, ulichimba makinga maji na kuondoa mifugo kwenye maeneo yaliyochakaa zaidi. Mkaa unaochomwa leo juu ya Gulwe unamfikia mkulima kwa njia ya nauli ya lori, maana mchanga ukiziba daraja treni husimama, na treni ikisimama, lori hupanga bei linavyotaka.

Sasa ipo reli ya kisasa, ambayo nayo ina kituo Gulwe. Abiria walianza kusafiri hadi Dodoma Julai 2024. Kwa mazao, hata hivyo, kituo cha abiria hakitoshi. Panahitajika ghala, jukwaa la kupakilia, mzani mkubwa na, zaidi ya yote, mzigo wa kutosha kwa wakati mmoja. Behewa la kawaida la reli ya zamani hubeba tani zipatazo 40, yaani magunia 400 ya kilo 100. Mwenye magunia manane hana cha kumwambia Shirika la Reli. Kaya hamsini zenye manane manane, zilizokausha kwa kiwango kimoja na kupima kwa mzani mmoja, zimejaza behewa.

Mkutano wa kijiji wa Machi, kabla mavuno hayajaanza, ndio wakati wa kuhesabu nani atakuwa na magunia mangapi na ya zao gani. Andikeni, kisha mpelekeni mwenyekiti wa AMCOS na karatasi hiyo kwa mkuu wa kituo.