Kabla Hujaagiza Mzigo wa Vuli, Iangalie Bahari

Muuzaji mwenzangu, vuli ya 2023 ilikukuta na mzigo gani? Sehemu nyingi barabara zilikatika, bodaboda hazipiti, wateja wanataka hela zao.

Sababu inajulikana. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani na India waliieleza: Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ikapoa, mawingu ya mvua husogea kwetu. Ndiyo ya 2019 na 2023. Joto likihamia kule, vuli inakuwa haba kama 2022. Na dunia inavyozidi kupata joto, mvua kubwa zinakuja na nguvu zaidi.

Fanya hivi:

1. Soma utabiri wa vuli wa TMA, au wa Idara ya Hali ya Hewa ukiwa Kenya, ndipo uagize.
2. Ukisema "juu ya wastani", inua mzigo kutoka sakafuni, funga kwa nailoni, na mwambie mteja mapema kwamba mzigo unaweza kuchelewa.
3. Ukisema "chini ya wastani", chakula kinaweza kupanda bei na wateja wakabana matumizi. Usifungie mtaji wote kwenye mzigo mmoja.

Utabiri ni bure. Mzigo ukiloa, hasara ni yako. Mtumie na mwenzako.