Uhalisi wa Gari la Kale: Ulinganisho wa Ford Model T na Ford Mustang

Mkusanyaji wa magari ya kale hanunui chombo cha usafiri tu, hununua uhalisi. Hata hivyo, uhalisi huo hauna maana moja. Jambo hili hudhihirika magari mawili ya kampuni ya Ford ya Marekani yanapowekwa sambamba: Model T, iliyoundwa kati ya 1908 na 1927, na Mustang, iliyozinduliwa Aprili 17, 1964 jijini New York.

Model T ilikusudiwa umma. Baada ya kiwanda cha Highland Park kuanza, mwaka wa 1913, kuunganisha magari yakipitishwa mbele ya wafanyakazi, bei ilizidi kushuka. Gari lililoanza kwa dola 850 lilipatikana kwa dola 260 kufikia 1925, na jumla ya magari yapatayo milioni 15 yaliundwa. Injini yake ya silinda nne ilikuwa na nguvu za farasi 20 pekee. Kuliendesha ni somo jipya hata kwa dereva mkongwe: pedali ya kushoto hubadilisha giya, ya katikati hurudisha gari nyuma, ya kulia ni breki, nayo mafuta huongezwa kwa wenzo mdogo ulio chini ya usukani. Isitoshe, petroli ilitiririka yenyewe kutoka tangini, hivyo tangi lilipokaribia kuisha dereva alilazimika kupanda mlima mkali kinyumenyume!

Kwa kuwa muundo wa msingi haukubadilika sana kwa miaka 19, injini ya mwaka mmoja iliweza kutiwa katika gari la mwaka mwingine. Nambari ya gari nayo ilichapwa kwenye injini. Mkaguzi makini basi huuliza iwapo sehemu zote ni za kipindi kimoja. Rejeta ya shaba ya manjano, kwa mfano, ilikoma baada ya magari ya 1916. Na gari jekundu linalodaiwa kuwa la 1920 limepakwa rangi upya, kwani kati ya 1914 na 1925 zilitoka nyeusi tu.

Mustang ni kisa kingine. Iliuzwa kwa dola 2,368, na zaidi ya milioni moja zilinunuliwa kabla ya miaka miwili kutimia. Thamani yake kwa mkusanyaji yaweza kutegemea herufi moja. Katika nambari ya utambulisho ya Mustang ya 1965, alama ya tano hutaja injini. K huashiria V8 ya lita 4.7 yenye nguvu za farasi 271. Hapo ndipo walaghai hujipenyeza. Aidha, kutu hula sakafu yake, na vipuri vipya, hata bodi nzima, bado huundwa. Mtu aweza kuuziwa gari linalong'aa ambalo sehemu chache tu zilitoka kiwandani, mithili ya mswada wa utenzi ulionakiliwa mara nyingi hata mkono wa mtunzi usionekane. Kibati cha mlangoni hakitoshi kuwa ushahidi, maana huchongwa upya. Nambari isomwe chini ya boneti, kwenye bati la ndani la madigadi ya mbele.

Soko lenyewe linaujua uzito wa jambo hili. Mnamo Januari 2020, Mustang ya 1968 iliyotumika katika filamu ya Bullitt ilinadiwa Florida kwa dola milioni 3.4, ikiwa na kutu na rangi iliyochakaa.