Kumngojea Bwana Nyumbani Pamoja na Watoto



Mwaka wa Kanisa hauanzi mwezi wa Januari. Huanza katika Jumapili ya kwanza ya Majilio, nayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba. Kwa hiyo siku za kungoja huwa 22 kwa uchache, na 28 kwa wingi. Majilio maana yake ni kuja, na Kanisa hukumbuka kuja kwa namna tatu: Bwana alikuja zamani katika mwili huko Bethlehemu, yuaja kwetu sasa katika Neno na Sakramenti, tena atakuja siku ya mwisho katika utukufu. Sisi watu wazima twayasikia hayo kanisani kila mwaka. Lakini watoto wetu, je, wangoja nini?

Tukiwauliza, wengi watajibu: nguo mpya, wali na nyama, safari ya kwenda kwa bibi. Hatusemi ya kuwa hayo ni mabaya, maana furaha ya mtoto ni kipawa cha Mungu. Lakini mtoto asiyejua ila hayo tu, mwaka ule baba asipopata fedha, sikukuu yake imekwisha kufa. Naye baba, kwa kuyaogopa macho ya mwanawe, hukopa dukani, hata Januari deni lamngoja mlangoni pamoja na mahitaji ya shule. Basi neno hili si dogo. Mtoto aliyefundishwa kumngojea Bwana mwenyewe, umaskini hauwezi kumnyang'anya sikukuu yake, wala msiba hauwezi.

Desturi ya mishumaa ilikotoka

Katika mji wa Hamburg, Ujerumani, alizaliwa Johann Hinrich Wichern mwaka 1808. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka 15, ikambidi kufundisha watoto wa watu ili awasaidie mama yake na ndugu zake. Alipokwisha kusoma elimu ya dini alizunguka katika nyumba za maskini wa mji ule, akaona watoto wasio na mlezi. Mwaka 1833 akafungua makao yao katika nyumba kuukuu nje ya mji, iitwayo Rauhes Haus. Watoto wakalelewa kwa makundi madogo, kama jamaa moja.

Siku za Majilio zilipofika, watoto wale walikuwa wakiuliza kila mara: Krismasi ni lini? Mwaka 1839 Wichern alitundika gurudumu la mti, akalitia mishumaa: mikubwa minne myeupe kwa Jumapili, na midogo myekundu kwa siku za katikati. Kila siku mshumaa mmoja zaidi uliwashwa, hata watoto wakaweza kuhesabu kwa macho yao. Baadaye watu wakaongeza majani mabichi, nayo mishumaa ikapungua ikawa minne. Hivyo desturi ikaenea katika nyumba za Walutheri, na katika karne ya 20 ndugu zetu Wakatoliki nao wakaipokea.

Na tuangalie jambo hili: Wichern hakuwakemea watoto kwa kukosa saburi, wala hakuwanyamazisha kwa zawadi. Aliwapa njia ya kungoja. Nuru iliongezeka kidogo kidogo katika miezi ile ya Ulaya ambayo giza huingia mapema, na watoto waliokwisha kuachwa na watu wakajifunza ya kuwa yuko mmoja ajaye asiyevunja ahadi.

Kazi ya wazazi

Tusiseme, Hiyo ni kazi ya mwalimu wa Shule ya Jumapili. Martin Luther alipoitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya sehemu zake ya kuwa mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Robo saa ya jioni, baada ya chakula, yatosha. Tena gharama isituzuie. Mishumaa minne katika sahani na majani mabichi kandoni ni vya kutosha; asiyeweza na awashe taa yake ya kila siku, aweke kando yake kijiti kimoja kila Jumapili. Ila moto usiwe karibu na pazia wala chandarua, na mtoto asiachwe nao peke yake.

Jumapili ya kwanza, tusome Mathayo 21:1–9. Tuwaulize watoto: Ni mfalme gani huyu apandaye punda? Na wajue ya kuwa Mfalme wetu huja kwa upole, hata mtoto mdogo aweza kumkaribia.

Jumapili ya pili, tusome Luka 21:25–36. Hapa wazazi wengine huwatisha watoto kwa habari za mwisho wa dunia. Lakini Bwana mwenyewe alitoa mfano wa mti unaochipua. Mtoto wetu aonaye maua ya mwembe haogopi. Ajua ya kuwa maembe yanakuja. Ndivyo tuwafundishe.

Jumapili ya tatu, tusome Mathayo 11:2–10. Yohana yumo gerezani, naye atuma watu kuuliza kama Yesu ndiye ajaye. Watoto na wajue ya kuwa mwenye kungoja aweza kuona mashaka, wala Bwana hamfukuzi aulizaye. Mtoto aliyefiwa na mama mwaka huu aweza kuuliza kwa nini Mungu hakusikia. Tusimfunge kinywa, tuketi naye, tuombe naye. Na juma hili tuwatume watoto wapeleke chakula kwa mgonjwa au mjane, wakitoa katika sehemu yao wenyewe.

Jumapili ya nne, tusome Yohana 1:19–28. Yohana akiri ya kuwa yeye siye Kristo. Yeye ni sauti tu, kazi yake kutengeneza njia. Basi na sisi tutengeneze. Kwa Wachaga, mtu aliyekosa huja na jani la isale kuomba radhi, na aliyekosewa huona vigumu kumkataa. Je, baba na mama wasiosemezana watawezaje kuwasha mshumaa wa nne mbele ya watoto wao? Na wapatane kwanza. Mtoto akiwaona wazazi wake wakisameheana, amepata fundisho la Majilio asilolisahau.

Maswali kwa walimu na wazazi

1. Kuja kwa Bwana ni kwa namna ngapi, nazo ni zipi?
2. Wichern aliwapa watoto nini kwa kutundika gurudumu lile?
3. Ombi la pili la Sala ya Bwana lahusianaje na siku hizi?
4. Katika mtaa wetu ni watoto gani wasio na mtu wa kuwasomea Neno jioni, na nani kati yetu atawaalika?

Sala

Bwana Yesu, wewe uliyekuja ukiwa mtoto, uje katika nyumba zetu. Utusamehe ugomvi wetu na tamaa zetu. Uwape watoto wetu moyo wa kukungojea kwa furaha, na sisi utupe kuwaongoza kwa upole, hata siku ile tutakapokuona pamoja nao. Amina.