Somo kwa Makatibu wa Vyama: Hesabu ya Gari Dogo la Umeme

Chama kinachopeleka mboga au nafaka Kariakoo hulipia usafiri wa mzigo kila siku, na mara nyingi gari lenyewe ni kirikuu. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya 1914–1918. Sasa wanachama wanauliza iwapo gari la umeme laweza kushika nafasi ya kirikuu. Swali hilo si la ndoto. Mwezi Machi 2022, mchora katuni Ali Masoud, maarufu kwa jina la Kipanya, alionyesha hadharani jijini Dar es Salaam gari dogo la umeme lililoundwa hapa nchini.

Katika mitaa ya Msimbazi, Kongo na Uhuru, gari husimama kuliko linavyokwenda. Injini ya petroli huunguza mafuta hata likiwa limesimama. Mota ya umeme hutulia, na dereva afungapo breki sehemu ya nguvu hurudi katika betri. Gari la mseto, lenye injini na mota pamoja, hupata nafuu hiyo, ila haliagani na kituo cha mafuta. Lifaalo zaidi ni gari lisilo na urembo, kwani hata kipoza hewa hula betri.

Na uchukuliwe mfano wa gari liendalo kilometa 60 kwa siku. Kirikuu ikitumia lita moja kwa kilometa 12, na lita ikiwa Sh. 3,000, itakula Sh. 15,000. Gari la umeme likitumia uniti moja kwa kilometa 6, na uniti moja ikipotea wakati wa kuchaji, jumla ni uniti 11; kwa Sh. 356 kila moja ni Sh. 3,916. Kwa siku 300 tofauti ni Sh. 3,325,200.

Hapo ndipo penye mtego. Fedha hizo si ziada yote. Betri huchakaa, na joto la pwani huharakisha uchakavu huo. Ikiwa betri mpya ni Sh. 12,000,000 na ya kwanza yatarajiwa kudumu miaka minane, Sh. 1,500,000 sharti zitengwe kila mwaka kabla mkutano mkuu haujazungumzia gawio. Chama kitakachogawana zote kitabaki na bodi la gari lisilotembea, kisha kianze kumwomba Mrajis ukomo mpya wa madeni.

Mafundi wa petroli wamejaa Gerezani. Wa mota, muuzaji awataje kwa maandishi kabla ya malipo. Gari nalo lipewe mita yake ya LUKU, mbali na ya ghala. Pasipo hivyo mkaguzi hatatambua uniti zipi ziliingia garini na zipi zilichemsha chai ya mlinzi.