Dondoo muhimu: Redio ya ridhaa garini, Marekani

Una leseni ya redio ya ridhaa na redio ya gari lako inanasa pia masafa ya polisi? Jimbo la New York, kwa kifungu cha 397 cha sheria ya magari, linakataza kuwa na kifaa cha namna hiyo garini bila kibali. Msamaha kwa wenye leseni upo, ila ni finyu: unataja masafa ya ridhaa tu.

Kinga yako kubwa ni uamuzi wa 1993 wa tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC. Jimbo au mji hauwezi kukuzuia kuwa na redio yako kwa sababu tu inapokea masafa mengine. Hapa wengi hujikwaa: uamuzi huo unalinda redio inayotuma na kupokea. Kifaa cha kusikilizia pekee hakimo.

Weka garini leseni na nakala ya uamuzi, kumbukumbu PR 91-36. Askari akikusimamisha, mikono ibaki kwenye usukani. Mweleze kwanza, karatasi baadaye. Usibishane naye barabarani, hoja zako zipeleke mahakamani. Na kamwe usitume sauti kwenye masafa ya polisi. Leseni yako haikuruhusu.